Kahawa ya Kivu Iliyozama Ziwani

Tarehe 22 Februari 2025, Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, kwa kuwa bei ilikuwa imeporomoka mno. Kwa Kakanda, mji wa migodi ya shaba na kobalti, hiyo ni habari ya nyumbani. Wachache wanakumbuka kwamba Kongo ilikuwa na zao lililolindwa kwa njia kama hiyo: kahawa.

Wabelgiji walileta mashamba makubwa, Mobutu akawanyang'anya wageni mashamba yao 1973. Tangu Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa 1962, nchi zilikuwa zikigawiwa, kwa vipindi, mafungu ya kuuza ili bei isianguke. Julai 1989 mafungu yalifutwa. Kabla ya mwaka kwisha, bei ilikuwa imepungua karibu nusu.

Yaliyofuata Kivu, mashariki mwa Kongo, nayaeleza kama yalivyosimuliwa na ushirika wa SOPACDI wa Minova. Vita viliharibu barabara, wanunuzi wakatoweka, na kodi, za halali na za vizuizini, zikala kilichobaki. Mkulima akapakia kahawa yake mtumbwini usiku, akavuka Ziwa Kivu kwenda Rwanda. Huko mnunuzi ndiye aliyepanga bei, maana mtu aliyevuka kwa magendo angerudi na gunia lake wapi? Alirudi na chumvi, sabuni, kitenge. Wengi hawakurudi. Mitumbwi ilijazwa kupita kiasi, na upepo wa ziwa haubishi hodi. Minova ikabaki na wajane ambao waume zao walikufa kwa ajili ya kahawa, na kahawa yenyewe ikafika sokoni bila jina la Kongo. Katika bei ya kikombe cha Ulaya hapakuwa na hata senti moja ya mjane. Hilo ni deni, na halijalipwa.

SOPACDI, iliyoanzishwa 2003 na mkulima Joachim Munganga, ilijenga kituo cha kuosha kahawa na kutafuta wanunuzi wa biashara ya haki. Wajane nao wakawa wanachama.

Februari ile ile ya 2025, arabika ilipita dola 4 kwa ratili huko New York kwa mara ya kwanza. Lakini Minova ilikuwa imetekwa na waasi wa M23 mwezi mmoja kabla. Kobalti imepangiwa mafungu tangu Oktoba 2025. Mkulima wa Kivu bado anangoja serikali imtetee kwa bidii hiyo hiyo.