Grisi kwa Mwenyewe Atakayerudi: Ufufuaji wa Vyombo Vikongwe katika Ukanda wa Ziwa Tanganyika, kutoka Meli ya Götzen hadi Magari ya Kajaga

Barabara inayotoka Bujumbura kwenda Gatumba na kuvuka mpaka hadi Uvira hupita Kajaga, katika uwanda wa Rusizi, ziwa likiwa upande wa kusini. Magari ya umri wote huonekana hapo: mapya ya mashirika, Toyota zilizonunuliwa kuukuu kutoka Japani zikiwa na usukani upande wa kulia ilhali Burundi huendesha kulia, na yale makongwe ambayo mwenyewe ameyarithi au ameyatunza kwa mapenzi. Mwenye gari la aina hii ya mwisho akitaka lifufuliwe, mara nyingi hulipeleka Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ambao mafundi wake wanajulikana mji mzima. Makala hii inauliza swali linaloonekana dogo: fundi anapokabidhiwa gari kuukuu ili alirudishe, analirudisha katika hali ipi, na kwa ajili ya nani?

Kiswahili chenyewe hakisaidii sana kulijibu, na pengine hapo ndipo penye fundisho. Kitenzi *kutengeneza* hubeba maana mbili ambazo lugha nyingine huzitenga: kuunda kitu kisichokuwapo na kukiweka sawa kilichoharibika. Mzizi wake ni *kutengenea*, yaani kuwa katika mpango mzuri, kukaa sawasawa. Fundi aliyetengeneza kiti na fundi aliyetengeneza kiti kilichovunjika hutajwa kwa kitenzi kimoja. Maneno *kukarabati* na *kufufua* hujaribu kuziba pengo hilo. La kwanza hutumika zaidi katika maandishi ya ofisi na mikataba, la pili katika mazungumzo ya gereji. Lakini hata *kufufua* halidai kwamba aliyefufuka awe na viungo vyake vyote vya zamani. Linadai apumue.

Mtazamo huu unapingana na ule wa wahifadhi wa magari ya kale wa Ulaya. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, hulitambua gari kuwa la kihistoria likiwa na umri usiopungua miaka 30, likiwa limehifadhiwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na likiwa halitumiki kama usafiri wa kila siku. Sharti hilo la tatu ndilo lenye uzito kwa Afrika Mashariki. Kwa kipimo hicho, Corolla ya miaka 35 inayobeba abiria mjini Bujumbura haina historia kwa sababu ingali inafanya kazi, na pacha wake aliyefunikwa turubai katika banda huko Ubelgiji anayo. Hakuna haja ya kukibeza kipimo hicho, kwani kilitungwa kwa ajili ya jamii ambazo gari kuukuu huwa la ziada. Tatizo huanza kinapochukuliwa kuwa maana pekee ya ufufuaji.

Kazi ya gereji haina mazoea ya kuandika. Fundi hurithi ujuzi kwa kushika spana ya mwalimu wake, na gari likitoka hutoka na kumbukumbu zake. Ukanda huu hata hivyo una kazi moja ya ufufuaji iliyoacha tarehe, majina na mabishano, nayo ni ya chombo cha majini. Magari na meli hapa si mambo mawili yaliyo mbalimbali. Baada ya mapatano ya mwaka 1921 Ubelgiji ilipewa maeneo yake ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, na mizigo ya Ruanda-Urundi ikapita njia hiyo: bandari, Reli ya Kati hadi Kigoma, kisha ziwani hadi Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo. Kila kilichokuwa kizito kilifahamiana na ziwa kabla ya kufahamiana na barabara.

Waliozamisha ili isife

Meli ya Graf von Götzen iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani. Ilipewa jina la gavana ambaye Vita vya Maji Maji vilizuka akiwa madarakani. Baada ya kuundwa ikafumuliwa, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupelekwa kwa reli hadi Kigoma. Mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, walifuatana nayo ili waiunge upya pamoja na vibarua wengi wa Kiafrika ambao majina yao hayakuandikwa. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Kwa hiyo, kabla haijasafiri hata mara moja, meli hii yenye urefu wa mita zipatazo 70 ilikuwa imekwisha kutengenezwa mara mbili, na Kiswahili kingetumia kitenzi kilekile mara zote mbili.

Vita vilipogeuka, majeshi ya Wabelgiji yaliingia Usumbura mwezi Juni 1916 na kusonga kuelekea kusini. Ilipobainika kwamba Kigoma haiwezi kushikiliwa, Wajerumani waliizamisha meli wenyewe tarehe 26 Julai 1916 ili adui asiipate. Siku mbili baadaye Kigoma ikawa mikononi mwa Wabelgiji.

Hapa ndipo fundi anapojitenga na mkuu wake. Kwa mkuu wa jeshi, kuzamisha ni kunyima. Waliopewa kazi hiyo walikuwa mafundi walewale walioiunga. Kabla ya kufungulia maji waliipaka mitambo grisi nzito, kila mahali ambapo maji yangeweza kula chuma. Amri ilikuwa iangamizwe, nao wakaiandaa kwa siku ya kuibuliwa. Walitarajia kwamba mwenyewe, yaani dola lao, angerudi. Uchaguzi wa mahali nao ulikuwa na faida ambayo bahari isingetoa: Tanganyika ni ziwa la maji baridi, na chuma huliwa humo polepole kuliko katika maji ya chumvi.

Mwenyewe hakurudi. Wabelgiji waliiibua meli, lakini ikazama tena kabla haijafanywa lolote la maana. Waingereza walipoipata Kigoma walianza upya, na tarehe 16 Machi 1924 ikaelea. Mitambo na boila zilikutwa zikiwa bado zinafaa, baada ya takribani miaka minane. Tarehe 16 Mei 1927 ilianza safari tena kwa jina la Liemba, jina ambalo David Livingstone alikuwa amelisikia mwaka 1867 likitumiwa kwa sehemu ya kusini ya ziwa. Jina la gavana likafutwa, na la ziwa likashika nafasi yake. Kati ya mabadiliko yote yaliyofanywa, hilo huenda ndilo lililoirudisha katika hali ya awali zaidi.

Fundi wa gereji yoyote angeitambua hali hii. Gari huachwa na mtu mmoja na kuchukuliwa na mwingine, na kazi ya aliyelihifadhi humnufaisha asiyemjua.

Injini zilizookolewa ziko wapi?

Liemba ilipita mikononi mwa serikali ya Tanganyika, kisha ya shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, na baada ya kuvunjika kwa Jumuiya mwaka 1977 ikabaki kwa Tanzania. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 injini zake za mvuke ziling'olewa na kuwekwa za dizeli. Mwaka 1993 ilikarabatiwa tena kwa msaada wa Denmark. Hivyo kile hasa ambacho grisi ya mwaka 1916 ilikiokoa hakimo tena ndani ya meli. Kilichobaki ni ganda: bamba za chuma zilizounganishwa kwa ribiti huko Kigoma.

Mhifadhi wa Ulaya angehesabu jambo hili kuwa hasara kubwa, na hawezi kulaumiwa. Injini za mvuke za enzi ile zingekuwa hazina. Lakini swali la "kwa ajili ya nani" lina jibu lililo wazi mno katika mwambao huu. Vijiji vingi vya ziwani havina gati. Meli husimama mbali kidogo, mitumbwi na mashua huisogelea, abiria na magunia hupandishwa ubavuni. Mwezi Mei 2015, wakati maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walipojazana katika ufuko wa Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji, Liemba ndiyo iliyowachukua kwa mafungu kuwapeleka Kigoma, mia kadhaa kwa kila safari. Injini ya makumbusho isingefika Kagunga. Mwenye chombo kwa maana ya hati alikuwa serikali, ila kwa siku hizo kilikuwa na wenyewe wengine, nao walikuwa wamebeba magodoro vichwani.

Pamoja na hayo, hoja hii isisukumwe hadi kudai kwamba matumizi huhalalisha kila badiliko. Kuna fundi anayebadilisha kwa sababu hakuna njia nyingine, na kuna anayebadilisha kwa uvivu, akipakaa rangi juu ya kutu. Tofauti yao haionekani siku gari linapotoka gereji. Huonekana masika mawili baadaye.

Mfano wa gari unaofahamika zaidi katika eneo hili ni wa Joginder Singh, fundi wa magari wa Kenya aliyezaliwa Kericho mwaka 1932. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa Volvo PV544 ambalo halikuwa jipya. Lilikwisha kutumika katika mashindano kabla hawajalichukua. Walilitengeneza kwa mikono yao kwa sababu walijua vumbi na tope la barabara za huku lingelidai nini. Fundi na mwenyewe walikuwa mtu mmoja, na bila shaka hilo lilirahisisha mambo. Hakukuwa na mtu wa kubishana naye kuhusu kipi kibaki na kipi kitoke.

Gari la mtu wa Kajaga

Kwa kawaida hali haiwi hivyo. Chukua Volkswagen ya mgongo wa kobe, gari ambalo kiwanda cha mwisho cha kuliunda, huko Mexico, kiliacha kulitoa mwaka 2003. Ni gari linalomhurumia fundi. Halina rejeta, kwa kuwa injini yake hupozwa kwa hewa. Injini iko nyuma, na ikishalegezwa boliti zake nne huteremka. Bodi hufungwa juu ya sakafu kwa boliti, hivyo vyaweza kutenganishwa na kila kimoja kikashughulikiwa peke yake. Adui yake ni kutu, nayo huanzia pasipoonekana: chini ya kiti cha nyuma, betri inapokaa na tindikali yake hudondoka juu ya bamba la sakafu. Mwenye gari huja akilalamikia rangi. Fundi hunyanyua kiti.

Hapo ndipo mazungumzo ya kweli huanza. Matoleo ya miaka ya 1950 yalitumia umeme wa volti 6. Mwenyewe akitaka gari libaki kama lilivyozaliwa, atabaki na taa hafifu na shida ya balbu. Akitaka kuliendesha usiku hadi Gatumba, fundi atamshauri volti 12, na hapo dinamo, mota ya kuwashia na balbu zote hubadilika. Hakuna jibu lililo sahihi kabla ya kujua gari litakwenda wapi. Lugha nayo huingia katika mazungumzo hayo, kwa kuwa fundi wa Bujumbura huishi kati ya mikondo miwili ya maneno. Kile ambacho pwani hukiita tairi, kutokana na Kiingereza, Kirundi hukiita *ipine*, kutokana na Kifaransa, na gereji ya Buyenzi huyaelewa yote mawili.

Kajaga imeongeza sharti jingine. Tangu mafuriko ya Rusizi ya mwaka 2020, na kupanda kwa ziwa kulikofuata hadi mwaka 2024, maji yameingia katika nyumba na nyua za ufukoni, Kajaga ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Gari lililofikwa na maji halitibiwi kama lililozeeka kwa jua. Kosa kubwa ni kujaribu kuliwasha. Maji yakiwa ndani ya silinda hayakubali kubanwa kama hewa, na pistoni ikilazimishwa hupinda mkono wake. Plagi hutolewa kwanza, injini huzungushwa kwa mkono hadi maji yatoke, oili iliyogeuka nyeupe humwagwa, na nyaya hufuatwa moja moja. Ukoko wa tope ndani ya milango huoshwa kabla haujakauka.

Kisha huja kusubiri. Vipuri vya gari la miaka 50 haviko rafuni. Hutafutwa Dar es Salaam, Nairobi, wakati mwingine kwa kuvunja gari jingine la aina ileile. Fedha za kigeni zikiadimika, kusubiri hurefuka kuwa miezi, na mwenye gari huenda akahama, akauza au akafariki kazi ikiwa katikati. Wakati huo wote injini iliyofunguliwa hukaa juu ya meza, pistoni zake na kuta za silinda zikiwa zimepakwa grisi.