Ngome na Baraza: Watawala wa Mombasa na Waliowawajibisha

Mifumo ya serikali hupambanuliwa kwa jambo moja kubwa: nani humweka mtawala madarakani, na nani anaweza kumwondoa. Katika mfumo wa kibunge, kama ule wa Uingereza, waziri mkuu hutoka miongoni mwa wabunge na huanguka wanapomnyima imani. Katika mfumo wa urais, kama ule wa Marekani, rais huchaguliwa kivyake na kukaa muhula uliowekwa, na bunge humdhibiti kwa sheria, bajeti na mashtaka ya kumng'oa. Kisiwa cha Mombasa kimepitia mifumo yote miwili, na mingine iliyoitangulia. Katika karne zote hizo, mabaraza ya mji yalikuwa na nguvu pale mtawala alipowahitaji wenyeji kuliko alivyomhitaji mfadhili wa mbali.

Baraza la zamani linalofahamika vizuri ni la Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa mji. Yaligawanyika makundi mawili. Thelatha Taifa walikuwa Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Tisa Taifa walikuwa Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Washaka, Wapate, Wafaza, Wagunya na Wakatwa. Kila taifa lilikuwa na shehe wake, na kila kundi lilikuwa na mkuu aliyeitwa tamim. Makundi hayo yalifungamana na Wamijikenda wa bara: Thelatha Taifa waliegemea Wadigo na Waduruma, Tisa Taifa wakaegemea Wagiriama na jirani zao wa kaskazini. Kwa hiyo mashehe walipokaa barazani hawakuwa watu wa kutoa nasaha tu. Nyuma yao kulikuwa na washirika wenye silaha na chakula upande wa bara, na mji wa kisiwani hauwezi kuishi bila chakula cha bara. Hata hivyo, wenye sauti barazani walikuwa waungwana. Watumwa na wageni walibaki nje.

Wareno walipojenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, mamlaka yaligawanyika. Sultani kutoka Malindi aliwekwa mjini na kupewa theluthi ya ushuru wa forodha, huku kapteni wa ngome akishika bunduki na bandari. Utawala huo wa vichwa viwili haukuwa na chombo cha kusuluhisha ugomvi baina ya vichwa hivyo. Sultani Hasan bin Ahmad aligombana na kapteni, akakimbilia bara na kuuawa huko. Mwanawe Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa kama Mkristo, alirudi kutawala, na mwezi Agosti 1631 akaiteka ngome na kumuua kapteni. Palipokosekana baraza la kumshtaki kapteni, shauri liliamuliwa kwa upanga.

Baada ya Waomani kuitwaa ngome mwaka 1698, uhusiano wa mtawala na baraza ulifikia kilele chake chini ya ukoo wa Mazrui. Muhammad bin Uthman al-Mazrui aliletwa kama liwali wa Oman katika miaka ya 1730. Ahmad bin Said al-Busaidi, aliyekuwa liwali wa Sohar, alipojinyakulia uimamu wa Oman katika muongo uliofuata, liwali wa Mombasa alikataa kumtii mtu aliyekuwa na cheo sawa na chake. Muhammad aliuawa kwa hila ya Waomani, lakini ndugu yake Ali bin Uthman akairejesha ngome kwa msaada wa wenyeji. Tangu hapo Mazrui walitawala bila jeshi la Oman nyuma yao, na kwa hiyo walilazimika kuishi na mashehe. Mambo ya vita, ya biashara na ya bara hayakwenda bila ridhaa ya matamim, na mashehe waliendelea kuamua mashauri ya watu wao. Hakuna hati iliyoandika haki hizo, ila zilikuwa na uzito zaidi kuliko hati nyingi zilizokuja baadaye. Zilionekana wazi zaidi siku zilipovunjika. Liwali Salim bin Ahmad alipofariki mwaka 1835, Mazrui waligombania urithi, na baadhi ya mashehe wakamgeukia Seyyid Said wa Oman na Zanzibar. Mwaka 1837 aliingia ngomeni. Kwa lugha ya leo, Mazrui walikuwa wamenyimwa imani.

Seyyid Said aliyaacha mataifa na mashehe wao, ila ngome sasa ilitegemea Zanzibar. Mamlaka ya utendaji nayo yaligawanywa: liwali alisimamia mji, na kamanda wa askari akakaa ngomeni. Mwezi Januari 1875 kamanda mmoja, Muhammad bin Abdallah aliyejulikana kama al-Akida, alimwasi Sultani wa Zanzibar. Aliyemwondoa hakuwa liwali wala baraza la mashehe. Ilikuwa mizinga ya manowari za Uingereza.

Waingereza walichukua usimamizi wa pwani rasmi kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895. Bendera ya Sultani ilibaki ikipepea juu ya ngome, na maliwali, mamudir na makadhi walibaki kazini, lakini wakiwa watumishi wa serikali ya kikoloni. Ngome yenyewe iligeuzwa gereza. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1907 mjini Nairobi, ambako makao makuu yalikuwa yamehamishwa kutoka Mombasa. Gavana aliliongoza mwenyewe hadi mwaka 1948, na hadi mwaka huo maofisa wake walikuwa wengi barazani. Lilikuwa baraza la kumsikiliza mtendaji, si la kumhukumu. Waarabu walipewa kiti cha kuchaguliwa katika miaka ya 1920, lakini Thenashara Taifa walihesabiwa kuwa wenyeji na kuwekwa nje ya kura hiyo kwa miaka mingi. Dhuluma hiyo iliwauma sana, kwani mababu zao ndio waliokuwa baraza la mji.

Katiba ya mwaka 1963 ilileta mfumo wa kibunge kamili. Jomo Kenyatta alikuwa waziri mkuu anayewajibika kwa Baraza la Wawakilishi. Kulikuwa na Seneti ya watu 41, na majimbo yenye mabaraza yao. Ronald Ngala aliongoza baraza la Jimbo la Pwani, lililokuwa na makao Mombasa. Waliotaka mwambao uwe na serikali yake hawakufaulu: makubaliano ya London ya Oktoba 1963 yaliunganisha pwani na Kenya, kwa ahadi ya kulinda mahakama za kadhi na hati za ardhi. Kinga ya majimbo ilionekana imara, kwani vifungu vyake vikuu vilihitaji asilimia 90 ya maseneta ili kubadilishwa. Haikudumu. Chama cha KADU, kilichoyatetea majimbo, kilijivunja Novemba 1964, jamhuri yenye rais mtendaji ikaanza tarehe 12 Desemba mwaka huo, na Seneti ikafutwa mwaka 1966.

Mfumo uliofuata ulikuwa mchanganyiko. Rais na mawaziri walikuwa wabunge, na kura ya kutokuwa na imani ilibaki katika katiba, lakini rais aliweza kulivunja bunge na kugawa uwaziri. Mbunge aliyengoja kuteuliwa waziri hakuwa na moyo wa kumbana aliyeshika kalamu ya uteuzi.

Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 ilitenganisha mihimili, na mawaziri hawatoki tena bungeni. Mfano ni Najib Balala, ambaye aliwahi kuwa waziri akiwa mbunge wa Mvita, eneo lenye Mji wa Kale. Mwaka 2013 alishindwa kuupata useneta wa Mombasa, kisha akateuliwa waziri bila kuwa na kiti chochote bungeni, baada ya kupigwa msasa na Bunge la Kitaifa.

Utaratibu huohuo umeshushwa hadi kaunti. Gavana wa Mombasa, Hassan Joho kuanzia 2013 na Abdulswamad Nassir kuanzia 2022, huchaguliwa moja kwa moja na wananchi. Mawaziri wake huidhinishwa na Bunge la Kaunti lakini hawawi wanachama wake, naye hana uwezo wa kulivunja. Bunge hilo lina wawakilishi wa wadi 30, mmoja wao wa Mji wa Kale/Makadara, pamoja na wanaoteuliwa na vyama. Theluthi yao wanaweza kuwasilisha hoja ya kumng'oa gavana, na theluthi mbili wakiipitisha, shauri huvuka kwenda Nairobi, ambako Seneti ndiyo huamua.