Mlezi Asiyegoma: Bibi, Wajukuu na Migomo ya Walimu nchini Kenya, Miaka ya 1960 hadi 2015

Utangulizi

Muhula wa tatu wa mwaka 2015 ulipoanza nchini Kenya, walimu wa shule za umma hawakuingia madarasani. Mgomo ulioitishwa na Chama cha Kitaifa cha Walimu (KNUT) pamoja na kile cha walimu wa shule za sekondari (KUPPET) ulidumu takriban wiki tano. Kumbukumbu za mgomo huo ni nyingi: kuna maamuzi ya mahakama, matamko ya viongozi na taarifa za magazeti. Katika kumbukumbu hizo wahusika wakuu ni vyama vya walimu, Tume ya Huduma za Walimu, Serikali na mahakama. Mwanafunzi hutajwa kama aliyepoteza masomo. Aliyekaa naye nyumbani kwa wiki hizo zote hutajwa kwa neno la jumla tu, yaani "mzazi". Neno hilo linaficha jambo muhimu kwa mwanahistoria, kwa sababu katika kaya nyingi za vijijini mtu huyo alikuwa bibi au babu.

Makala haya yanachunguza nafasi ya mabibi na mababu katika historia ya migomo ya walimu nchini Kenya. Hoja inayotetewa ni kwamba nafasi hiyo haikubaki ileile. Migomo ya miaka ya mwanzo ilimkuta bibi akiwa akiba ya familia, mtu ambaye mtoto aliweza kupelekwa kwake kwa muda. Migomo iliyofuata miaka ya 2000 ilimkuta bibi katika kaya nyingi akiwa tayari ndiye mlezi mkuu, na shule ndiyo iliyokuwa nafuu yake ya pekee ya mchana. Shule ilipofungwa, hakuwa na mtu wa kumpelekea mtoto.

Siwindhe na shule

Ulezi wa wajukuu haukuanza na mgomo. Katika kitabu chao kuhusu Siaya kilichotolewa mwaka 1989, David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo wanamweleza pim, mwanamke mzee miongoni mwa Waluo aliyekuwa akiwalea watoto katika nyumba iitwayo siwindhe. Humo watoto walilala, walisimuliwa hadithi, na walifundishwa nasaba, adabu na mipaka ya ukoo. Kwa hiyo mwanamke huyo alikuwa mlezi na mwalimu kwa wakati mmoja. Kazi yake ilikuwa na heshima yake, na ilifanywa ndani ya boma lenye watu wazima wengi walioshirikiana kulima, kuchunga na kupika.

Shule za misheni, na baadaye za Serikali, ziliigawa kazi hiyo. Mafunzo yalihamishiwa kwa mwalimu anayelipwa mshahara. Bibi alibakiwa na kulisha, kuosha na kulaza, na kazi hizo hazikuhesabiwa kuwa kazi. Mgawanyo huu ni muhimu kwa hoja ya makala haya. Mwalimu, kwa kuwa mwajiriwa, alipata uwezo wa kuunda chama na kusitisha kazi. KNUT kiliundwa mwaka 1957, kikaongoza migomo ya miaka ya 1960, na madai yake ya kuwa na mwajiri mmoja yalizaa matunda mwaka 1967, Tume ya Huduma za Walimu ilipoundwa kwa sheria ya Bunge. Bibi hakuwa na mwajiri, mkataba wala chama. Kazi yake haikuwa na namna ya kusitishwa.

Kutoka kupelekwa hadi kubaki

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1963, wanafunzi wa shule za msingi hawakufikia milioni moja. Mgomo wa miaka hiyo uliwagusa watoto wachache kuliko ilivyokuwa baadaye, na mtoto aliyerudi nyumbani alikuta shamba lenye kazi na watu wazima wa kumwangalia. Kwa familia ambayo baba au mama alifanya kazi mjini, kumpeleka mtoto kwa bibi kijijini lilikuwa jambo la kawaida wakati wa likizo. Shule ilipofungwa kwa mgomo, njia ilikuwa ileile.

Mambo matatu yalibadilisha hali hiyo. La kwanza ni UKIMWI, uliotangazwa na Rais Daniel arap Moi kuwa janga la kitaifa mwezi Novemba 1999. Ugonjwa huo uliwaua wazazi waliokuwa katika umri wa kufanya kazi, na katika maeneo yaliyoathirika zaidi, hasa Nyanza, watoto wao walibaki na wazee. La pili ni uhamaji wa kutafuta kazi. Wazazi wengi waliokuwa hai walifanya kazi mijini kwa ujira ambao haukutosha kuwaweka watoto pamoja nao. La tatu ni sera ya elimu ya msingi bila malipo iliyoanza Januari 2003, ambayo katika mwaka wake wa kwanza iliingiza shuleni zaidi ya watoto milioni moja wapya. Wajukuu ambao mabibi hawakuweza kuwalipia karo walipata nafasi darasani.

Matokeo ya mambo hayo kwa pamoja hayajasisitizwa vya kutosha. Sera ya mwaka 2003 husomwa kama historia ya elimu. Kwa bibi mwenye wajukuu wanne au watano ilikuwa pia sera ya ulezi. Ilimpa saa za mchana za kulima, kwenda sokoni, kwenda kliniki na kupumzika. Katika kaunti kame, ambako mpango wa Serikali wa chakula cha shuleni ulianza mwaka 2009 kufuatia kazi ya muda mrefu ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, shule iliondoa pia mlo mmoja katika hesabu ya jiko lake. Mgomo uliposimamisha masomo, ulirudisha saa hizo na mlo huo kwake kwa siku moja.

Septemba 2015

Mfuatano wa matukio ya mwaka 2015 unaonyesha namna mzigo huo ulivyoongezeka kwa hatua. Mwishoni mwa Juni, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliwapa walimu nyongeza ya kati ya asilimia 50 na 60. Serikali haikulipa, na mgomo ukaanza mwanzoni mwa Septemba. Katika wiki za kwanza waliorudi nyumbani walikuwa wanafunzi wa shule za umma. Kisha Waziri wa Elimu, Jacob Kaimenyi, aliagiza shule zote za umma na za binafsi zifungwe kuanzia tarehe 21 Septemba, isipokuwa kwa watahiniwa wa mitihani ya kitaifa. Tarehe 25 Septemba mahakama iliagiza mgomo usitishwe kwa siku 90, na walimu wakarejea kazini mwanzoni mwa Oktoba. Tarehe 6 Novemba Mahakama ya Rufaa iliibatilisha nyongeza yenyewe.

Kwa vyama na Serikali, mfuatano huo ni wa kesi iliyoshindwa na kushindwa tena. Ukitazamwa kutoka nyumbani kwa bibi, una sura nyingine. Magharibi mwa Kenya, Septemba ni msimu wa kupanda na kupalilia mazao ya mvua za vuli. Mtoto mkubwa angeweza kusaidia shambani, lakini mtoto wa darasa la kwanza alihitaji kuangaliwa. Katika kaya zenye mtahiniwa, mmoja aliamshwa alfajiri kwenda shule na wengine walibaki, hivyo bibi aliendesha ratiba mbili. Aliyesoma shule ya bweni alirudi akiwa na njaa ya kijana, na nauli ya kumrudisha ilipaswa kutafutwa upya.

Msaada wa Serikali kwa wazee haukufuata mabadiliko hayo. Mpango wa fedha taslimu kwa wazee, ulioanza katika muongo uliotangulia, ulilipa wakati huo shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila kaya iliyoandikishwa. Kiwango kilikuwa kimoja, kaya iwe na mjukuu mmoja au sita, shule ziwe wazi au zimefungwa. Gharama ya wiki tano za mgomo haikuandikwa katika bajeti yoyote kwa sababu ililipwa kwa unga na nguvu za watu ambao sheria iliwahesabu kuwa wahitaji wa kutunzwa.

Ibara tatu za Katiba

Katiba ya mwaka 2010 inatoa njia ya kulieleza tatizo hili kwa usahihi. Ibara ya 41 inampa mfanyakazi haki ya kugoma. Ibara ya 53 inampa mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na inawapa baba na mama wajibu sawa wa malezi. Ibara ya 57 inawapa wazee haki ya kupata matunzo na msaada kutoka kwa familia na Serikali. Mabishano ya hadharani kuhusu migomo yamekuwa zaidi kati ya haki ya mwalimu na haki ya mtoto. Kila mgomo unapotokea, husikika methali kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi, na mtoto ndiye nyasi. Methali hiyo inaeleza maumivu, lakini nyasi hazifanyi kazi. Bibi aliyemlisha mtoto huyo alikuwa akifanya kazi, na ni kazi hiyo iliyowezesha pande mbili kuendelea kuvutana kwa wiki tano bila watoto kukosa pa kukaa.

Hoja hii haiwalaumu walimu. Walikuwa wakidai walichopewa na mahakama, na wengi wao walikuwa wazazi ambao watoto wao pia walirudi nyumbani. Inachodai ni kwamba gharama ya mgomo ihesabiwe yote, pamoja na sehemu iliyobebwa na asiyekuwa na kiti katika meza ya majadiliano.

Hitimisho

Historia ya migomo ya walimu nchini Kenya imeandikwa kutoka katika majadala ya vyama na mahakama, na majadala hayo yana mwanzo na mwisho ulio wazi. Kwa bibi, mwisho haukuwa siku walimu waliporejea. Uliendelea hadi unga ulioliwa mapema uliporudishwa na palizi iliyochelewa ilipokamilika. Mtafiti wa kipindi hiki anapaswa kuiweka kalenda ya shule kando ya kalenda ya kilimo na ya malipo ya wazee, na kukusanya masimulizi ya mabibi na mababu walioshuhudia migomo hiyo maadamu wangali hai. Waliokuwa na umri wa miaka 70 mwaka 2015 wanazidi kupungua, na hakuna jadala lililoandikwa kwa niaba yao.