Kitabu cha Ubatizo na Majina ya Babu Zetu

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Na ukoo je? Mwulize kijana wa Kisangani jina la babu yake, atakujibu mara moja. Mwulize jina la babu wa babu yake: hapo ananyamaza. Na wazee waliojua mambo hayo wanatuacha mmoja mmoja.

Lakini majina mengi hayakupotea. Yamo katika vitabu vya parokia.

Mwishoni mwa mwaka 1897 Padri Gabriel Grison, wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu, alianzisha Misioni ya Mtakatifu Gabrieli katika nchi ya maporomoko ya mto Kongo. Tangu hapo maji ya ubatizo yalikwenda pamoja na kalamu. Desturi hii ni ya zamani: Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza ndoa na wasimamizi wa ubatizo waandikwe kitabuni. Orodha za kikoloni zilizopigwa chapa zilijaa makampuni, maofisa na wamisionari. Mvuvi Mwagenia usimtafute humo. Lakini akibatizwa, padri aliandika jina lake, wazazi wake, msimamizi wake na siku yenyewe. Pembeni iliongezwa kipaimara na ndoa. Hivyo mstari mmoja unakupeleka kwenye mwingine.

Basi nenda kwa paroko, umwombe kwa adabu. Maneno mengi ya zamani ni ya Kilatini, usiogope: «natus» ni amezaliwa, «patrinus» ni msimamizi, «circiter» ni yapata, maana mtu mzima aliyebatizwa mara nyingi hakujua mwaka wake.

Jihadhari na mambo matatu. Kwanza, mji wetu uliitwa Stanleyville hadi mwaka 1966. Pili, mwaka 1972 serikali iliamuru raia waache majina ya kigeni. Yosefu wa kitabuni anaweza kuwa ndiye yule mwenye jina jingine kabisa katika kitambulisho. Tatu, kila padri aliandika kama alivyosikia: mmoja aliandika «u», mwenzake «ou». Tena mtoto hakuchukua jina la baba yake siku zote. Kwa hiyo kitabu peke yake hakitoshi; keti na bibi yako, msomee majina, naye atakuambia nani ni nani.

Wala tusimdharau asiyeandikwa humo. Wako Waislamu wa mji huu, na wazao wa watu waliokuja pamoja na Tippu Tip, aliyewekwa kuwa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887. Daftari lao la kwanza ni kinywa cha mzee. Aliyekosa kuandikwa hakukosa babu!

Mwaka 1964, katika vita vya Simba, misioni nyingi ziliporwa. Moto, mchwa na unyevu navyo havina huruma kwa karatasi. Ikiwa kitabu cha parokia kimepotea, uliza katika ofisi ya Jimbo Kuu: sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilidai nakala ipelekwe kwa Askofu kila mwaka.

Lakini anza nyumbani. Nunua daftari leo, andika anayoyasema bibi. Paroko atakungoja mpaka kesho. Bibi huenda asingoje.