Kiuno cha Dereva, Miguu ya Kondakta

Kwetu kitambi hakikuwa aibu. Mtu akirudi nyumbani likizo tumbo limemtangulia, jamaa humpokea kwa furaha: "Mashaallah, Ulaya imekukubali!" Aliyekonda ndiye aliyeonewa huruma. Lakini huku ugenini wengi wetu tunaendesha teksi, tunalinda majengo tukiwa tumekaa mapokezi, au tunashinda mbele ya kompyuta. Basi, ndugu wasomaji, ni vyema tukumbushane kisa kilichotokea London, katika mabasi mekundu ya ghorofa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari wa Uingereza waliona ugonjwa wa mishipa ya moyo ukizidi kuua wanaume wa makamo. Daktari Jerry Morris, mzaliwa wa Liverpool aliyekulia Glasgow, alitaka kujua kama kazi ya mtu inachangia. Yeye na wenzake walichunguza kumbukumbu za mwaka 1949 na 1950 za wanaume wapatao 31,000 wa usafiri wa London, wenye umri wa miaka 35 hadi 64.

Kila basi lilikuwa na watu wawili. Dereva alikaa kitini karibu zamu nzima. Kondakta alizunguka akikata tiketi, akipanda na kushuka vidato 500 hadi 750 kwa siku. Mwajiri wao mmoja, barabara zao zile zile. Matokeo yalitoka mwaka 1953 katika jarida la The Lancet: makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipougua, maradhi yaliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi na kuwaua wachache zaidi. Kwa wafanyakazi wa posta pia, wapeleka barua waliwashinda makarani kwa afya ya moyo.

Likabaki swali: je, si unene tu? Mwaka 1956 watafiti hao wakatumia ushahidi ambao hakuna aliyeufikiria, yaani vipimo vya sare. Shirika lilikuwa likiwapa wafanyakazi suruali, na vipimo vya viuno vilihifadhiwa. Katika kila rika, madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makondakta. Hata hivyo unene haukumaliza hesabu, kwani kondakta mnene naye alikuwa na nafuu kuliko dereva mnene.

Tusiseme kiti peke yake ndicho kilichowanenepesha madereva. Watafiti wa baadaye waliona kwamba tofauti za umbo zilikuwapo mapema, hata kwa vijana wa kazi hiyo. Huenda wazito walivutiwa zaidi na udereva. Lakini hilo halitupi ruhusa ya kubweteka. Haba na haba hujaza kibaba, na mwili nao ni kibaba. Kilo moja kwa mwaka haionekani kwenye kioo, ila baada ya miaka ishirini ni mzigo wa kilo ishirini, ambao goti na moyo vinaubeba mchana na usiku.

Kazi ya kondakta nayo imetoweka. Mwezi Desemba 2005 mabasi ya Routemaster yaliondolewa katika njia za kawaida za London, na dereva akabaki peke yake. Ngazi tulizokuwa tukilipwa kuzipanda sasa hatulipwi tena, inatubidi tuzitafute wenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima wafanye angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya wastani, kama kutembea kwa haraka. Hizo ni kama dakika 22 kwa siku. Kushuka kituo kimoja kabla ya chetu na kuiacha lifti kunatufikisha mbali.

Mwaka 1996 Morris alipata tuzo ya Olimpiki ya sayansi ya michezo, pamoja na Mmarekani Ralph Paffenbarger. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Nasi tukienda likizo safari ijayo, jamaa wakituuliza mbona tumekonda, tuwajibu kwamba tunataka kuja kuwaona tena miaka mingi mbele.