Nextstrain
Nextstrain ni mradi huria unaofuatilia mabadiliko ya vimelea vya magonjwa kwa michoro shirikishi mtandaoni. Waasisi wake ni Trevor Bedford wa Seattle, Marekani, na Richard Neher wa Basel, Uswisi. Chimbuko lake ni nextflu, programu ya mwaka 2015 iliyohusu mafua. Msomaji akibofya tawi la mti wa nasaba ya virusi, ramani hubadilika papo hapo na kuonesha sampuli za tawi hilo zilikopatikana. Taasisi ya utafiti wa kitabibu ya INRB ya Kinshasa iliutumia mradi huu katika mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini, 2018–2020. Hata hivyo, asili ya tawi ni makadirio tu: nchi isiyochunguza sampuli nyingi huonekana, kimakosa, kama iliyosalimika.