Nati Iliyolika Kona: Tumlaumu Fundi au Tulaumu Historia?

Leo naomba tuachane na siasa kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu nati. Ndiyo, nati na bolti, vile vyuma vidogo vinavyozuia gari lako lisimwagike vipande vipande barabarani.

Tuna tabia moja sisi wenye magari. Nati ikilika kona mpaka ikawa duara kama shilingi, spana ikawa inazunguka bila kushika, lawama zote zinamwangukia fundi. Hajui kazi, ana haraka, amezoea kutumia nguvu. Mara nyingine ni kweli. Lakini ukiichimba historia ya spana utakuta ugomvi wa mataifa uliodumu zaidi ya miaka mia moja, na fundi wetu amekuja kuulipia gharama bila kuujua.

Tuanzie mbali. Kabla ya karne ya 19 kila karakana ya Ulaya ilikata meno ya bolti kwa vipimo vyake yenyewe. Bolti na nati yake walikuwa kama mume na mke: mmoja akipotea huwezi kuazima wa jirani. Kisha kule London, Henry Maudslay akatengeneza mashine ya kukereza iliyoweza kukata meno yanayofanana tena na tena. Hiyo ilikuwa karibu na mwaka 1800. Kijana mmoja aliyepitia karakana yake, Joseph Whitworth, akaona kwamba mashine peke yake haitoshi kama kila mtu anaiamuru anavyotaka. Akakusanya bolti kutoka karakana mbalimbali za Uingereza, akazipima, akatafuta wastani, na mwaka 1841 akapendekeza kipimo kimoja kwa wote. Pembe ya meno ikawa nyuzi 55.

Hapo ungedhani mambo yamekwisha. Wapi! Mwaka 1864, katika mji wa Philadelphia, Mmarekani William Sellers alisema meno ya Whitworth yana vichwa vya mviringo ambavyo ni vigumu kuvitengeneza. Yeye akaleta meno yenye vichwa bapa na pembe ya nyuzi 60, ambayo fundi wa kawaida angeweza kuyakata kwa urahisi. Marekani ikamfuata Sellers, Uingereza ikabaki na Whitworth. Nao wenzao wa Ulaya bara, watu wa milimita, wakakutana Zürich mwaka 1898 kukubaliana meno yao. Dunia ikawa na kambi tatu.

Unaweza kusema, haya si ni mambo ya mafundi tu? Waulize watu wa Baltimore. Tarehe 7 Februari 1904 moto ulizuka katikati ya mji huo wa Marekani. Vikosi vya zimamoto vilikuja kusaidia kutoka Washington, Philadelphia na kwingineko. Walipofika, wengi wao walikuta mipira yao haiingii kwenye mabomba ya maji ya Baltimore, kwa sababu meno ya viungio hayakufanana. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea huku maji yapo na watu wa kuzima wapo. Na hiyo ilikuwa ndani ya nchi moja!

Vita Kuu ya Pili ikaonyesha tatizo hilohilo kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1940 kampuni ya Packard ya Marekani ilikubali kutengeneza injini ya ndege ya Waingereza, ile Merlin ya Rolls-Royce. Ikabidi itengeneze kwanza vifaa vya kukatia meno ya Kiingereza, la sivyo vipuri visingeingiliana. Baada ya vita, tarehe 18 Novemba 1948, Marekani, Uingereza na Kanada zilitia saini mjini Washington makubaliano ya meno ya aina moja. Pembe iliyoshinda ilikuwa ile ya nyuzi 60. Lakini bado ilikuwa inchi. Mwaka 1965 taasisi ya viwango ya Uingereza iliviambia viwanda vyake viache vipimo vya zamani na kwamba chaguo la kwanza sasa ni milimita.

Sasa rudi nasi Afrika Mashariki ya miaka hiyo. Land Rover, iliyoanza kutengenezwa 1948, ndiyo gari la serikali, la misheni na la mashamba. Ndani ya Land Rover moja ya zamani unakuta bolti za mfumo wa Kiingereza wa zamani na za ule mpya, zote pamoja. Halafu zinaingia Peugeot za milimita kutoka Ufaransa. Peugeot 404 ilishinda mbio za East African Safari mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1970 ushindi ukaenda kwa Datsun ya Wajapani. Yote haya yanamfikia fundi yuleyule, chini ya mwembe uleule, mwenye kisanduku kimoja cha spana.

Hebu tazama hesabu hii. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7 kutoka ubapa hadi ubapa. Spana namba 13 ni milimita 13. Spana ya Whitworth ya robo inchi ina mdomo wa milimita 13.3. Ndiyo, robo inchi! Kwa sababu Whitworth aliandika kwenye spana unene wa bolti, si upana wa mdomo. Kwa macho tu, nati tatu za vipimo hivyo ni ndugu wa tumbo moja. Lakini tia spana 13 kwenye nati ya nusu inchi: inaingia, inacheza kidogo, na ukivuta haibani ubapa, inabana kona tu. Nguvu zote zinaishia kwenye ncha sita nyembamba. Nati ikiwa laini, kona zinakwenda. Mvutaji wa mwisho anaitwa mharibifu.

Usidhani hayo ni ya zamani tu. Hata leo, ndani ya milimita zenyewe, bolti ya unene wa milimita 8 kwenye gari la Kijapani kwa kawaida inataka spana 12, na ya Kijerumani inataka 13.

Ongeza kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo hujisindilia kwenye meno kama kabari. Magari mengi yanakuja kwetu yakiwa yameshatembea nchi ambazo barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kisha yanakaa Mombasa, Tanga au Dar na upepo wa bahari.

Ndiyo maana mafundi wakabuni njia zao. Piga brashi ya waya kwanza. Paka mafuta ya kupenya, au hata mafuta ya taa, uache yalale usiku kucha. Gonga kichwa cha bolti kwa nyundo kutikisa kutu. Tumia soketi ya kona sita, si ya kona kumi na mbili. Jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Ikishindikana, ipashe nati moto ili itanuke, lakini kamwe si karibu na tangi la mafuta wala mipira ya breki. Ikiwa imeshakuwa duara, kuna tindo, au kuichomelea nati mpya juu yake na kuifungua kwa hiyo. Spana malaya iwe ya mwisho kabisa, maana mdomo wake unaokubali kila nati haushiki yoyote sawasawa.

Maoni yangu ni haya. Tunapenda kudhani viwango ni karatasi za ofisini. Kumbe kiwango kikikosekana, gharama haimpati aliyekataa kukubaliana. Inampata mwenye nyumba wa Baltimore, na inampata fundi anayekatwa ujira kwa sababu ya tofauti ya milimita 0.3. Kwa hiyo safari nyingine kabla hujamfokea, muulize anatumia spana gani. Na kama hana inayofaa, labda mchango wako ungekuwa kumsaidia kuipata. Ni rahisi kuliko bolti iliyokatikia ndani ya injini.